Mgongo wa Biubwa

Katika ukoo wetu kuna kesi moja ambayo watu wazima hawaitaji mpaka wahakikishe bibi yangu hayupo karibu. Bibi yangu, Bi Zuleikha, ndiye aliyeifungua, ndiye aliyeichochea, na ndiye aliyeimaliza kwa ukucha wake mwenyewe mbele ya kadhi na nusu ya watu wa Kilindoni. Bibi yangu nampenda, na kunipenda alinipenda. Lakini la kweli husemwa, na kisa hiki si chake. Ni cha Shangazi Biubwa.

Biubwa alizaliwa Baleni, katikati ya kisiwa chetu cha Mafia, katika nyumba yenye minazi mia sita na kiburi cha minazi elfu mbili. Baba yake, Mzee Awadh, alikuwa mdogo wake bibi yangu, na wote wawili waliweza kuwataja mababu zao mpaka Omani bila kuvuta pumzi. Biubwa mwenyewe hakuwa na habari na mababu. Alikuwa msusi wa mikeka. Ukimkuta, mikono imeshika ukili, macho yanacheka, mdomo kimya. Misala yake ya kusalia ilikuwa laini hata ikasemwa kwamba mtu akisujudu juu yake anachelewa kuinuka.

Mwaka 1949 akaja kumposa Hamdu. Hamdu alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Bwejuu, ambako mtoto hujua kuogelea kabla hajajua kusema, lakini yeye bahari ilimtapisha tangu utotoni, basi akavuka kuja kwetu kuishi na nazi. Alikuwa mfuaji. Kwa asiyejua, mfuaji husimama mbele ya kifuo, yaani chuma chenye ncha kilichosimikwa ardhini, akaitia nazi, akaipinda, likatoka kumbi, lile ganda la nje, akashika nyingine. Hamdu alikuwa akifua elfu kwa siku. Kifua chake kilikuwa kama mlango wa Kiarabu, viganja vyake vigumu, na uso wake Mungu aliuumba siku ambayo hakuwa na haraka ya kuupendezesha. Watoto wakimwona njiani walikuwa wakijificha. Naye alikuwa mpole kupita kiasi. Kuku wa jirani akiingia kwake alimtoa kwa kumbembeleza.

"Mfuaji?" Bibi yangu alisema. "Binti Awadh aolewe na mfuaji? Mikono ile si ya kushika mwanamke, ile ni ya kuvunja."

Mzee Awadh, ambaye maisha yake yote alimwogopa dada yake, akasema haya, tumwulize mwari mwenyewe. Kwetu mwari akiulizwa akinyamaza, amekubali. Biubwa akaulizwa, akanyamaza. Bibi yangu akasema kimya kile si cha kukubali, ni cha majonzi. Ndipo Biubwa akainua kichwa na kusema, "Baba, mimi nimenyamaza. Mmenisikia lakini?"

Wakaoana.

Miezi saba baadaye ndipo mwili ulipoanza. Ulianzia kiunoni, pale anapofunga kibwebwe akitwanga. Alipofungua kanga akakuta pamezunguka mkanda mwekundu, umevimba, unawasha vibaya. Akadhani siafu. Kesho yake ukaja begani, alipobeba kuni. Keshokutwa akajikuna shingo mara moja tu, na vidole vyake vinne vikabaki shingoni kama vimechongwa. Kila kilichomgusa kiliacha alama: ukingo wa kinu, kamba ya ndoo, hata mkeka aliokalia. Alama zilikaa nusu saa, pengine zaidi, kisha zikazama, ngozi ikawa safi kama haikuwa yake. Sisi watu wa kale tulikuwa tukiviita vivimbe vile maruturutu, na kila mtu alikuwa na dawa yake.

Mmoja alisema ni samaki, asile pweza wala kaa. Mwingine akasema kaa hana kosa, kosa ni la papa. Mama mmoja akamkataza mayai, mwenzake akamkataza maembe, na jirani asiyeulizwa akamkataza muhogo. Mganga akapiga bao akaona pepo wa kike kutoka magofu ya Kua, kisiwani Juani, anataka mbuzi mweupe, ijapokuwa Biubwa hajakanyaga Juani tangu azaliwe. Mbuzi akaliwa, maruturutu yakabaki. Miezi mitatu Biubwa alikula wali mkavu na chumvi, akakonda mashavu yakaingia ndani, na hakuacha kuwashwa hata siku moja.

Kilichomwokoa ni viganja vya Hamdu.

Kila siku baada ya sala ya alasiri Hamdu alirudi kula, akanawa mikono, na Biubwa akamgeuzia mgongo. Mahali pale katikati ya mabega, pasipofikiwa na mkono wa mwenye mgongo, ndipo palipowasha zaidi. Viganja vile vya kumbi, ambavyo bibi yangu alivitukana, vilikuna kwa upole kama anafuta vumbi juu ya msahafu. Biubwa alikuwa akifumba macho. "Juu kidogo," anasema. "Hapo. Hapo hapo, Bwana." Dakika kumi anapata raha ya dunia. Kisha mistari inavimba, minne huku, minne huku, na Hamdu anarudi kwenye kifuo chake akiwa na huzuni, maana anaona kazi ya mikono yake.

Hilo walikuwa wakilificha wote wawili. Biubwa alificha kwa ajili ya mumewe, kwani mwanamume akisikika anamkuna mkewe mgongo kila siku, watu wa barazani watasema amelishwa limbwata, na wafuaji wenzake watamtungia wimbo. Hamdu alificha kwa ajili ya mkewe, kwani mambo ya chumbani ya mwanamke wa heshima hayatoki nje. Kila mmoja alimsitiri mwenzake, na sitara hiyo nusura iwaachanishe.

Siku moja bibi yangu alikwenda kwa Biubwa saa kumi na moja alasiri. Njiani alipishana na Hamdu, uso umekunjamana. Akafika, akapiga hodi na kuingia papo hapo, kwani hodi ya bibi yangu haikuwa ya kuomba ruhusa. Akamkuta Biubwa amekaa juu ya jamvi, kanga imefungwa kwapani, mgongo wazi, anasuka. Na mgongoni mistari minane, myekundu, mibichi.

"Nani kakupiga?"

"Shikamoo, Shangazi. Hakuna aliyenipiga."

"Marahaba. Nani kakupiga?"

"Mwili tu, Shangazi. N'nawashwa."

Bibi yangu akamtazama mashavu yale, mifupa ile ya mabega, mistari ile. Moyo wake ulipasuka, nalo lazima niliseme, kwa sababu bibi yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemlea Biubwa tangu mama yake alipofariki. Lakini alikuwa ndiye aliyemfunda pia. Kwa mkono wake alimfundisha mtoto yule kwamba mwanamke aliyelelewa hatoi siri ya mumewe nje, akipigwa husema amejikwaa. Na sasa mtoto anasema ni mwili tu. Kadiri Biubwa alivyokana, ndivyo bibi yangu alivyoamini. Alikuwa amemfunda vizuri mno.

Akakimbia kumwita jirani, Bi Mwanahalima, aje ashuhudie. Bi Mwanahalima alikuwa na miguu mibovu. Walipofika, mgongo ulikuwa safi. Biubwa akasema, "Karibuni chai." Bibi yangu akamnong'oneza shahidi wake kwamba muuaji yule ana dawa ya kufuta alama.

Hayo yalitokea mara tatu kwa mwezi mmoja.

Hamdu hakujua kwamba anachunguzwa. Alichojua ni kwamba mkewe anakwisha. Akaazima baiskeli, akampakia nyuma, akamsukuma na kumwendesha mpaka Kilindoni, kwenye hospitali ndogo ya serikali. Walipofika, vyuma vya kiti cha nyuma vilikuwa vimejichapa vyote mapajani mwa Biubwa, na Hamdu akataka kuilaumu baiskeli ya watu.

Hospitali ile ilikuwa chini ya Daktari Akbar, Mhindi mwembamba mwenye miwani, ambaye kila mwezi meli ilimletea jarida la madaktari kutoka London, naye alilisoma hata matangazo. Miaka minne alikuwa ametibu homa, safura na vidole vilivyochomwa na vifuo. Biubwa aliposema, "Nikiguswa navimba," daktari akasimama. Akamwita mkewe, Bi Khatija, kutoka nyumba ya pili, kwa kuwa mgonjwa ni mke wa mtu. Akampa kijiti butu, akamwambia achore mstari mmoja kwenye mkono wa mgonjwa, polepole, bila kukwaruza. Yeye akatoa saa.

Dakika ya kwanza mstari ukawa mwekundu. Ya tatu ukaanza kuinuka. Ya tano ukasimama kama uzi mnene ulioshonewa ndani ya ngozi, na pembeni yake pametanda wekundu.

"Subhanallah," alisema Bi Khatija.

"Safi kabisa!" alisema daktari, akafurahi kama mtoto siku ya Idi, kisha akaona uso wa Hamdu na akaona haya.

Akawakalisha akawaeleza. Alisema ndani ya ngozi ya kila mwanadamu kuna vijifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani yake mna kitu kiitwacho histamini. Mdudu akikuuma, vijifuko vinafunguka, histamini inamwagika, mishipa inavujisha maji, ngozi inavimba na kuwasha. Hiyo ni kazi yake, na ni kazi njema. "Wewe unafanya kazi shambani," akamwambia Hamdu. "Shamba lina mlinzi. Mwizi akija mlinzi anapiga pembe, watu wanatoka. Sasa mlinzi wa mkeo ana wasiwasi. Nazi ikidondoka, anapiga pembe. Upepo ukivuma, anapiga pembe. Watu wanatoka na marungu, hakuna mwizi."

"Kwa nini ana wasiwasi?" Biubwa aliuliza.

Daktari akavua miwani, akaifuta. "Hakuna ajuaye. London hawajui. Bombay, nilikosomea, hawajui. Wanatafuta, na mimi natafuta."

"Na samaki je?"

"Samaki gani?"

Biubwa akamtajia vyote alivyokatazwa. Daktari akaandika, orodha ikafika ukurasa wa pili. "Mama," akasema, "nenda ukale." Siku ile walirudi Baleni na pweza wawili wakining'inia kwenye usukani.

Akawaambia pia kuna vidonge vipya. Havimnyamazishi mlinzi, alisema, ila vinawaziba masikio wale wanaotoka na marungu. Ataviandikia barua Dar es Salaam. Tena akaomba jambo: Biubwa aje kila wiki mbili, Bi Khatija achore, yeye apime kwa saa na kuandika. Biubwa akakubali. Katika daftari lile aliandikwa "mwanamke B., msusi wa mikeka", na ilipimwa mistari mia moja na kumi na mbili, kwa kijiti, kwa ukucha, kwa maji ya moto na ya baridi. Daktari aliandika barua ndefu kulipelekea lile jarida la London. Hawakuichapisha. Bi Khatija naye alichoka na mistari, akawa anachora minazi.

Vidonge vilikuwa bado viko njiani bibi yangu alipomkamata mdogo wake, Mzee Awadh, wakaenda kwa kadhi. Walitaka ndoa ivunjwe kwa sababu ya mateso.

Biubwa alipopata habari alikwenda kwa bibi yangu mbio. "Shangazi, daktari amesema ni histamini."

"Histamini ndiyo nini?"

"Maji ya ndani ya ngozi."

"Na daktari ni mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume."

"Basi!" alisema bibi yangu. "Wanaume watafichiana mpaka Kiyama."

Siku ya kesi, barazani Kilindoni watu walijaa mpaka nje. Mfuaji nazi aliyemwoa binti Awadh na kumpiga kila alasiri: nani atakosa? Kadhi alikuwa mzee mfupi mwenye subira ndefu. Bibi yangu akaeleza mistari minane. Bi Mwanahalima akaeleza kwamba hakuona kitu, lakini alikiona kwa imani. Mzee Awadh akaonyesha jinsi binti yake alivyokonda. Kweli alikuwa amekonda. Pweza wa wiki tatu hawawezi kurudisha nyama ya miezi mitatu. Kisha mikono ya Hamdu ikatazamwa na watu wote kwa pamoja. Akaificha nyuma, ikawa vibaya zaidi.

"Biubwa binti Awadh," kadhi akasema, "mumeo anakupiga?"

"Hajanipiga hata siku moja."

Watu wakaguna. Mwanamke aliyefundwa, wakasema.

Kadhi akaagiza msahafu. "Basi apa kwamba alama zile shangazi yako alizoziona hazikutokana na mkono wa mumeo, kesi iishe hapa."

Biubwa akanyoosha mkono. Ukafika nusu ya njia, ukasimama.

Aliniambia baadaye kwamba pale ndipo alipohisi dunia inamkimbia. Kila alama ile ilitokana na mkono wa mumewe. Mkono wa mumewe haswa. Akiapa, amesema uongo juu ya kitabu cha Mungu. Asipoapa, ametoka pale bila mume. Na akisema ukweli, Hamdu hatapita tena mbele ya baraza la wanaume akiwa ameinua kichwa. Akaurudisha mkono mapajani. Bibi yangu akaangua kilio, kwa sababu alichokisema kimethibitika na alikuwa anatamani, kumbe, kisithibitike.

Hamdu akasimama. "Kadhi, msimwapishe. Mkono ni wangu."

Baraza likalipuka. Kadhi akapiga meza. "Unakiri?"

"Alama ni za mkono wangu."

"Umempigia nini?"

"Sikumpiga."

"Ulifanya nini basi?"

Hamdu akatazama chini. "Nikisema nitamvunjia heshima. Mimi mniandike mnavyotaka. Jela nitakwenda. Talaka tu sitoi."

Biubwa alipoyasikia hayo, haya yote ikamwisha. Mwanamke aliyenyamaza ili aolewe akapaza sauti ili asiachwe. "Ananikuna!" akasema. "Mgongo! Kila siku baada ya alasiri, namwomba mimi, na asipokuna silali! Na ye yote atakayemcheka, mkewe na awashwe kama mimi halafu tumwone!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akacheka wa pili, na baraza zima likaangua kicheko, hata mwandishi wa kadhi akaangusha kalamu. Hamdu masikio yalimwiva. Peke yake bibi yangu hakucheka. "Kukuna?" akasema. "Kukuna gani huko kunakotoa mistari kama ya mjeledi? Mimi nimekunwa miaka sitini!"

Hospitali ilikuwa hatua chache, na daktari alikuwa amekwisha kusogea mlangoni na daftari lake kwapani, anasubiri kuitwa. Akaitwa. Akaanza habari ya vijifuko na mlinzi na pembe, lakini kadhi akamkatiza. "Daktari, maneno mazuri. Yaonekana?"

"Yaonekana kwa dakika tano."

"Nani achore?"

Daktari akamtafuta mkewe kwa macho, lakini kadhi akainua kidole. Nadhani mzee yule alikuwa ameuona mwisho wa kesi kabla ya watu wote. "Bi Zuleikha achore. Yeye ndiye asiyeamini. Kwa ukucha, taratibu, lolote apendalo."

Bibi yangu akasogea. Biubwa akavuta pindo la kanga, akampa upande wa ndani wa mkono, mweupe, safi, hauna hata doa. Bibi yangu alikuwa na mwandiko mzuri wa Kiarabu, aliusomea katika chuo cha Kurani utotoni na kujivunia. Akaandika herufi nne kwa ukucha wa kidole cha shahada, kidogo kidogo, kama anayeandika hewani. Hakuna aliyeona alichoandika. Daktari akatoa saa.

Dakika ya kwanza watu walinong'ona. Ya pili wakasogea mbele. Ya tatu Mzee Awadh akasimama kwenye kiti. Ya tano kadhi akavaa miwani yake, akainama bila kugusa, akasoma kwa sauti: "Hamdu."

Lilikuwa limesimama lote, jina zima, limevimba na kuiva, na hata nukta, ambayo jina hilo kwa Kiarabu halina, bibi yangu alikuwa ameiweka kwa kugonga ukucha alipomaliza. Jina ambalo alikataa lisiandikwe karibu na jina la ukoo wake, ameliandika mwenyewe, mwandiko wake ule ule wa kujivunia, kwenye mwili wa mtoto aliyemlea.

"Bi Zuleikha," kadhi akasema, "hili limeandikwa na nani?"

"Mimi."

"Kwa fimbo?"

"Kwa ukucha."

"Umetumia nguvu?"

"Hata kidogo."

"Basi na wewe nikuandikie kesi ya kupiga?"

Bibi yangu akaushika mkono wa Biubwa, akaupuliza, kama tunavyompuliza mtoto aliyeungua. Akapuliza mpaka jina likaanza kuzama. Kisha akavuta buibui lake akatoka, na watu wakampisha njia.

Vidonge vilifika mwezi uliofuata. Vilimsaidia Biubwa sana, ila vilimletea usingizi mzito, analala juu ya ukili, na Bi Mwanahalima akatangaza kijiji kizima kwamba ana mimba. Hamdu alitungiwa wimbo kweli. Wafuaji waliuimba wiki mbili, halafu wake zao wakauliza mbona wao hawakunwi, na wimbo ukafa ghafla.

Na bibi yangu? Hakuomba radhi. Katika maisha yake bibi yangu hakuomba radhi kwa mtu, hata kwa paka. Lakini mwaka 1960, mimi nilipoposwa, na kila mtu akidhani atanifunda yeye, alisema, "Mwanasiti apelekwe kwa Biubwa. Mimi nafunda kupita kiasi."

Basi nikakaa wiki tatu ndani kwa Shangazi Biubwa, mwari wa kutawa, nyuma ya pazia, nasingwa mwili kwa liwa ya kunukia na kusikiliza visa. Kila siku baada ya alasiri nilikuwa nikimsikia Hamdu anaingia. Maji yanamwagika mikononi. Jamvi linalia.

"Inawasha?"

"Inawasha, Bwana."

"Hapa?"

"Juu kidogo."

Wiki ya pili nikamwonea huruma. "Shangazi," nikasema, "miaka tisa yote hii ugonjwa haujaisha?"

Akatazama mlangoni, akacheka chinichini. "Umeisha zamani. Mwaka wa hamsini na nne uliniacha, wenyewe tu, kama daktari alivyosema unaweza kuondoka bila kuaga. Vidonge niliacha siku nyingi."

Sikuamini. Nikaushika mkono wake, nikaandika kwa ukucha jina lile lile, Hamdu. Tukangoja. Dakika kumi zilipita, na mkono ulikuwa mkono tu.

"Sasa mbona humwambii?"

"Nikimwambia imekwisha, atakuja kufanya nini saa ile? Atapitiliza kwenda kucheza bao." Akavuta chane, akasuka. "Nilishindwa kusema uongo mmoja mbele ya kadhi, mwanangu, sasa nasema kila siku. Mungu atanisamehe. Na yeye maskini hajui."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na mdomo wa bibi yangu. "Lakini Shangazi," nikasema, "anayekuna si yeye? Mgongo si anautazama? Miaka sita haoni kwamba maruturutu hayatoki?"

Mikono ya Biubwa ikasimama. Katika maisha yangu sikuwahi kuiona imesimama. Akabaki ananitazama, mwanamke mwerevu kuliko wote Baleni, na nikaona jambo lile linamwingia polepole, kama mstari unavyoinuka kwenye ngozi. Halafu akajifunika uso kwa kanga. Sikujua anacheka au analia. Nilipomfunua nikakuta anafanya yote mawili, na mimi nikajikuta nalia naye, kwa furaha, na kwa wivu kidogo, kwa sababu mume niliyeposwa naye nilikuwa sijamjua.

Kesho yake Hamdu akaja. Nikasikia maji, nikasikia jamvi.

"Inawasha?"

Safari hii Shangazi akauliza yeye. "Wewe waonaje, Bwana?"

Hamdu akafikiri. Nilikuwa nikichungulia kwenye tundu la pazia, na nilimwona anautazama mgongo ule, laini, mtupu, hauna hata alama moja.

"Naona inawasha sana," akasema.

"Basi kuna."

Akakuna mpaka adhana ya magharibi.